Duka linakufundisha mchezo, mtandao unakuuzia boksi: wachezaji wa Kisumu, tuongee

Mleta uzi, Kisumu

Wadau wa michezo ya mezani, salamu kwenu. Nimeuleta uzi huu kwa sababu maduka ya michezo hiyo hapa Kisumu yanahesabika kwa vidole, na kila Novemba zikianza zile ofa kubwa za mtandaoni yanazidi kubanwa. Nazungumza kama mchezaji. Sina hisa katika duka lolote.

Tazameni kinachotokea dukani. Mzazi anaingia na mtoto, anataka seti ya chesi ila hajui achukue ipi. Muuzaji anaacha shughuli zake na kumweleza: ubao wa mashindano una miraba ya sentimita 5 hadi 6, mfalme ana kimo cha kama sentimita 9.5, na ile seti ndogo ya sumaku ni ya kuchezea safarini, mtoto akiizoea hiyo peke yake atapata taabu siku ya mashindano ya shule. Kisha anamkalisha mtoto mezani, anamwonyesha farasi anavyoruka. Nusu saa imekwenda. Mzazi anashukuru, anapiga picha boksi, anashuka ngazi. Siku chache baadaye parseli inafika kutoka Nairobi. Jumamosi mtoto yuleyule anarudi dukani na seti iliyonunuliwa kwingine, anatafuta wa kucheza naye.

Sasa hesabu. Tuchukulie mchezo unauzwa shilingi 4,000, na mwenye duka ulimgharimu 2,400 hadi kufika rafuni. Akiuza kwa bei hiyo anabaki na 1,600, na humo atoe kodi ya duka, stima, mshahara wa kijana anayehudumia, na leseni ya kaunti. Mtandaoni wanaweka punguzo la asilimia 30, bei inashuka hadi 2,800. Mteja anamwonyesha simu: "Nifanyie hii." Akikubali, amebaki na 400. Punguzo la asilimia 30 kwa mnunuzi limekula asilimia 75 ya kile duka lilichokuwa likiishi nacho. Ili apate pesa zilezile lazima auze boksi nne mahali alipokuwa akiuza moja, na Kisumu haina wachezaji mara nne.

Jambo hili lilikwisha kuchambuliwa na wasomi zamani. Mwaka 1960 mwanauchumi Lester Telser wa Chicago aliandika kuhusu bidhaa ambazo lazima mtu aonyeshwe na kuelezwa kabla ya kununua. Hoja yake ni kwamba anayebeba gharama ya kueleza hawezi kushindana bei na asiyeibeba, na wateja wakizoea kuelezwa huku na kununua kule, hatimaye hakuna atakayeeleza. Wakati huo hapakuwa na intaneti. Leo anayesoma hoja hiyo atadhani mtu huyo alikuwa amekaa Oginga Odinga Street akitazama watu wakipiga picha maboksi.

Kuna wanaosema duka lisiloweza kushindana lifungwe, soko liamue. Nauliza: ni soko gani hilo? Jumia, kampuni ya kuuza bidhaa mtandaoni, iliorodheshwa kwenye soko la hisa la New York Aprili 2019, na mwaka baada ya mwaka imeripoti hasara huku wawekezaji wakiendelea kuibeba. Duka la ghorofa ya kwanza hapa mjini likipata hasara miezi mitatu mfululizo, mwenye nyumba anabadilisha kufuli. Hawa wawili hawapigani kwa silaha sawa, kwa hiyo tusiseme aliyeshindwa hakujua biashara.

Msimamo wangu ni huu: kinachopaswa kulipiwa ni meza. Boksi la kadi za UNO utalipata supamaketi, utalipata mtandaoni, utalipata hata kwa mchuuzi. Mpinzani wa kukufanya uwe bora humpati kwenye kikapu cha simu. Duka lituuzie nafasi ya kucheza kwa bei iliyo wazi, na sisi tuilipe bila kunung'unika, badala ya kuendelea kudhani kwamba viti, mwanga, mafunzo na choo ni vya bure kwa sababu vimefichwa ndani ya bei ya boksi. Karibuni mniseme.

Mzazi, Milimani

Nimesoma yote. Labda mimi ni mmoja wa hao wa kupiga picha maboksi, basi nijibu. Nina watoto watatu, na muhula ukianza kila shilingi ina mahali pake. Tofauti ya 1,200 kwangu ni viatu vya shule. Mkiniambia niende nikanunue ghali ili nilisaidie duka, mnaniomba mchango, na mchango mtu hutoa akiwa nao. Lakini hili la meza nimelielewa. Mwanangu wa pili ameanza kujiamini tangu aanze kwenda pale Jumamosi, hata mwalimu wake ameona. Kama ningeambiwa mapema kwamba kiti ni shilingi mia, ningelipa. Hakuna aliyewahi kuniambia. Nilidhani ni ukarimu tu.

Mleta uzi, Kisumu

Mama, asante kwa kusema wazi. Hapo ndipo penye tatizo, na lawama si yako. Mteja hawezi kulipia kitu ambacho hakijatajwa bei.

Mwenye duka, Nakuru

Niongeze ya upande wa pili wa kaunta. Watu wanaona bei yetu na kudhani tunajichotea. Marekani duka dogo hununua mchezo kwa msambazaji kwa karibu nusu ya bei iliyopendekezwa na mchapishaji. Wa mtandaoni akiuza kwa punguzo la asilimia 30 bado ana kama asilimia 20 ya kumlindia gharama, na anauza maelfu. Mimi sina msambazaji wa namna hiyo Nakuru. Naagiza vichache vichache, na kila boksi linabeba nauli yake.

Na nauli ya ndege haitazami kilo tu. Kampuni za kusafirisha hupima urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, kisha wengi hugawanya kwa 5,000. Boksi la sentimita 30 kwa 30 kwa 7 linahesabiwa kama kilo 1.26 hata kama ndani mna karatasi na hewa. Michezo ya mezani ina hewa nyingi, huo ndio msiba wake. Mzigo ukifika kuna ushuru wa forodha, kuna ada za uagizaji, na VAT ya asilimia 16 inayopigwa juu ya thamani ambayo tayari imebeba nauli na ushuru. Ukitoka hapo ndipo unaanza kufikiria parseli ya basi kutoka Nairobi.

Jambo lingine ni bidhaa bandia. Michezo mingi inayouzwa duniani huchapishwa China, hata ile ya wachapishaji wa Ujerumani na Marekani, na nakala bandia hufuata njia hiyohiyo. Ukiona mchezo mkubwa unauzwa kwa theluthi ya bei, si kila mara ni punguzo. Kadi nyepesi, rangi iliyofifia, kete zilizopungua. Mteja mmoja aliniletea seti ya Scrabble, ule mchezo wa kuunda maneno kwa vigae vya herufi, aliyonunua kwingine, vigae havikufika 100 vinavyotakiwa, akaniomba nimuuzie vilivyopungua. Sheria ya kupambana na bidhaa bandia tunayo tangu 2008, lakini nani atamfuata muuzaji asiye na mlango?

Pale tu ndipo namkatalia kidogo mleta uzi: tusiusukumie mtandao kila kifo. Sisi wa Nakuru tunakumbuka lile duka kubwa la Nakumatt, lililoanza hapa likiuza magodoro hadi likawa na matawi katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, hata Kisumu mlikuwa nalo. Halikuuawa na bei za mtandaoni. Lilipanuka kwa mikopo, likashindwa kulipa waliolipelekea bidhaa, rafu zikabaki tupu, na Januari 2020 wadai wakapiga kura lifungwe. Nimeona na maduka madogo yakifa kwa kujaza stoo michezo ambayo mwenyewe anaipenda na hakuna anayeinunua. Mimi sasa siweki zaidi ya nakala mbili za mchezo mkubwa. Pesa yangu iko kwenye vitu vidogo vinavyotoka kila wiki: dadu, mikoba ya vigae, mifuko ya plastiki ya kukingia kadi, saa za chesi.

Mwanafunzi, Maseno

Wakubwa, mnaongea kama kila mtu anaishi mjini. Sisi huku duka la michezo hatuna. Matatu hadi Kisumu na kurudi, ongeza chakula, tayari umemaliza akiba ya wiki. Parseli ya mtandaoni inakuja hadi kituo cha kuchukulia na unalipa kwa M-Pesa. Bila mtandao mchezo wa kadi tunaocheza hosteli ungekuwa hadithi tu tunayoiona kwenye video. Kwa hiyo kabla ya kuuita adui, kumbukeni umetuletea wachezaji. Halafu hiyo ada ya meza itawafukuza kwanza watu kama sisi.

Msoma sheria, Kakamega

Naona hakuna aliyegusa swali ambalo nchi nyingine zimelipigania mahakamani: je, mchapishaji anaruhusiwa kusema, "bidhaa yangu isiuzwe chini ya bei fulani"?

Marekani, mwaka 1911 Mahakama ya Juu iliamua kwamba makubaliano ya namna hiyo ni haramu moja kwa moja. Mwaka 2007 mahakama hiyohiyo ikabadilisha mkondo katika kesi ya Leegin, iliyohusu bidhaa za ngozi, ikasema kila kesi ipimwe kwa athari zake sokoni. Majaji walioamua hivyo walitumia hoja ileile aliyoileta mleta uzi, ya anayeeleza na anayedandia maelezo. Ufaransa ilienda mbali zaidi upande wa vitabu: sheria ya 1981 inazuia punguzo la zaidi ya asilimia 5 kwenye kitabu kipya, awe muuzaji ni duka la kijijini au kampuni kubwa. Wauzaji wa mtandaoni walipoanza kusafirisha karibu bure, wabunge wakarudi tena, na tangu Oktoba 2023 kuna ada isiyopungua euro 3 kwa kupelekewa vitabu vya chini ya euro 35. Uingereza ilikuwa na makubaliano ya bei ya vitabu karne nzima, yakaporomoka miaka ya 1990.

Kenya? Sheria yetu ya Ushindani, namba 12 ya 2010, kifungu cha 21, inaorodhesha kulazimisha kiwango cha chini cha bei ya kuuzia tena miongoni mwa mambo yaliyokatazwa. Kwa hiyo anayeota kwamba wachapishaji au wasambazaji watakuja kuwafunga mikono wauzaji wa mtandaoni hapa kwetu, aamke. Vilevile wenye maduka wawili watatu wa Kisumu na Nakuru msije mkakaa kikao mkakubaliana bei moja. Hilo nalo ni kosa, hata kama nia yenu ni kujiokoa.

Binafsi naona sheria yetu iko sawa. Bei za kulazimishwa zingemuumiza yule mama wa Milimani kwanza. Ulinzi wa duka utoke kwingine.

Mleta uzi, Kisumu

Msoma sheria, umenifungulia kitu. Wacha nionyeshe huko kwingine, kwa mfano wa Magic: The Gathering, mchezo wa kadi zilizoanza 1993. Kampuni inayozichapisha iligundua mapema kwamba mtu hanunui kadi kama hana pa kuzichezea. Tangu mwaka 2000 ikawa na mashindano ya Ijumaa jioni ambayo huchezwa madukani. Toleo jipya linapokaribia, wachezaji hukutana dukani kulicheza kabla siku rasmi ya kuuzwa haijafika. Hilo punguzo haliwezi kulinunua. Ukitaka kuwa wa kwanza kufungua pakiti, lazima ukae kwenye kiti, mbele ya mtu.

Sisemi kampuni hiyo ni malaika, nayo inauza yenyewe mtandaoni matoleo mengine, na wenye maduka huko wamelalamika sana. Nataka mwone tu namna ya kufikiri. Badala ya kuomba bei ya mwenzio ipandishwe, unatafuta kitu ambacho lazima kifanyikie dukani.

Kwetu ni nini hicho? Mimi naona Scrabble. Wachezaji wa mashindano hawatumii vigae vyenye herufi zilizochongwa, kwa sababu mtu mwenye vidole vyepesi anaweza kuisoma herufi akiwa ameingiza mkono kwenye mfuko wa vigae. Wanatumia vigae laini. Wanahitaji saa, ubao unaozunguka, na mtu wa kuamua neno likipingwa. Nyumbani wachache wana vyote hivyo. Duka likiwa na seti nne za namna hiyo, limeshakuwa uwanja, na uwanja una kiingilio.

Kuhusu wanafunzi, nimelisikia. Nitarudi hapo.

Mzee wa ajua, Kibuye

Vijana, nawasoma tangu mwanzo. Ninyi mnazungumza kuhusu maboksi ya ng'ambo tu. Huku Nyanza ajua, bao letu la mashimo na mbegu, imechezwa kabla ya duka lolote kuwa na rafu. Wazee walikaa chini ya mti, mashimo kwenye ubao au ardhini, mbegu mkononi, na kijana alijifunza kwa kutazama hadi aitwe akae. Hakuna aliyelipa kiti. Lakini aliyekaa alikuwa na wajibu: alete mbegu, amfundishe anayekuja nyuma yake, asiondoke na ubao wa watu.

Sasa swali langu kwa wenye maduka. Mafundi seremala wa Kibuye wanaweza kuchonga ubao wa ajua, ubao wa drafti, hata wa chesi, kwa mbao nzuri, na meza ya kuwekea juu yake. Kwa nini rafuni kwenu sivioni? Hivyo hakuna mtu wa Guangzhou kule China atakayevishusha bei Ijumaa ya Novemba. Mgeni anayeshuka uwanja wa ndege wa Kisumu angeondoka na ubao wa ajua kabla hajaondoka na boksi ambalo kwao limejaa madukani. Mnatafuta kitu kisichopatikana mtandaoni na kimekaa mlangoni kwenu.

Mwenye duka, Nakuru

Mzee, shikamoo. Nilijaribu drafti za mbao, zikanunuliwa vizuri, shida ilikuwa fundi. Ubao wa kwanza safi, wa tatu umepinda kwa sababu mbao haikukauka. Mteja anayetoa 2,500 hataki ubao unaoyumba. Nikimpata fundi anayekausha mbao zake sawasawa nitalipa kabla. Kama kuna mmoja hapo Kibuye unayemwamini, naja Kisumu kumwona mwenyewe.

Mzee wa ajua, Kibuye

Marahaba. Wapo wanaokausha, ila huwezi kuwaagiza leo ukachukua kesho. Ukija njoo na subira na malipo ya nusu.

Mwanafunzi, Maseno

Omera, mimi bado nangoja jibu la ada ya meza. Mzee amesema aliyekaa alikuwa na wajibu bila kulipa. Hiyo tunaiweza. Kufundisha watoto wa Jumamosi asubuhi tunaweza. Tuko watano tunaojua chesi ya mashindano.

Mleta uzi, Kisumu

Hapo sasa tumefika pazuri. Pendekezo langu nitakalompelekea mwenye duka ni hili, likosoeni kabla sijalipeleka. Anayecheza Jumamosi alipe mia, siku nzima. Akinunua kitu siku hiyo, hata pakiti ya dadu, ile mia inatolewa kwenye bei, kwa hiyo anayenunua dukani anacheza bure na aliyenunua kwingine analipia kiti. Mwanafunzi anayefundisha kwa muda wa saa mbili asubuhi halipi, na nauli yake ya kurudi Maseno itoke kwenye kapu la mia za wazazi. Bei za mafunzo ziandikwe ukutani, pamoja na ya kuelezwa mchezo kwa wanaotaka kufundishwa nyumbani au shuleni. Na mtu akionyesha bei ya simu, muuzaji asibishane naye. Amwambie: nunua huko kama inakufaa, ukija kucheza kiti ni mia.

Kadiria watu 20 kwa Jumamosi. Hiyo ni 2,000, sawa na faida ya boksi tano zilizouzwa kwa bei ya kulazimishwa na punguzo, bila kugusa stoo.

Mzazi, Milimani

Mia nakubali. Kwa watoto watatu je, nalipa mia tatu? Wekeni bei ya familia, la sivyo nitamleta mmoja mmoja kwa zamu na nyumbani kutakuwa na vita.

Mwenye duka, Nakuru

Weka mia mbili kwa familia. Na utenganishe hesabu ya viti na ya mauzo, daftari mbili, uone baada ya miezi mitatu ni ipi inayolipa kodi. Mimi nilipotenganisha ndipo nilipojua nipunguze maboksi gani.

Mwanafunzi, Maseno

Nauli ikilipwa tutakuja wawili wawili kwa zamu. Lakini mchezo wetu wa kadi tutaendelea kuununua mtandaoni hadi duka liuweke. Nasema mapema ili isije ikaonekana tumesaliti.

Mleta uzi, Kisumu

Haki yenu. Nitumieni jina la mchezo na idadi ya wanaoutaka. Mkifika kumi, mwenye duka ataagiza kwa pamoja na nauli ya boksi itagawanyika. Kesho jioni naenda kumwona.